Kwa nini maharage ya Makambako "yanagoma" yakifika Njombe?

Kuna lalamiko utalisikia Njombe mjini, hasa kwa watu waliohamia kutoka Dar es Salaam au Morogoro: maharage ya huku hayaivi. Unayabandika saa nne asubuhi, saa nane mchana ukibonyeza punje bado ni ngumu. Nilipokuwa nimepanga pale, mama mwenye nyumba alikuwa na maelezo yake. "Mwanangu, haya nimenunua Makambako," aliniambia huku akiongeza mkaa kwenye jiko. "Kule yanaiva vizuri tu. Yakifika huku yanagoma."

Jirani yetu alisema tatizo ni maji. Kijana wa dukani akasema ni baridi. Mimi nasoma fizikia, kwa hiyo nilidhani jibu ninalo. Kumbe nilikuwa na nusu yake tu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inakula mkaa wa mama.

Nusu ya kwanza: maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali

Shuleni tulikariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Ni kweli, ukiwa pwani. Maji yanachemka pale mapovu ya mvuke yanapoweza kujitengeneza ndani ya maji yenyewe bila kubonyezwa na kupotea. Kinachoyabonyeza ni hewa iliyo juu yetu. Ukiwa Dar es Salaam, una hewa yote juu ya kichwa chako. Ukipanda hadi Njombe, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya hewa hiyo umeiacha chini, na mgandamizo wake unabaki kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Mapovu yanapata nafuu, yanajitokeza mapema, na maji yanachemka yakiwa na nyuzi 93 na nusu hivi.

Niliazima kipimajoto nikakitumbukiza kwenye sufuria ya mama: 93 na kitu. Siku niliyopitia Makambako, mama lishe mmoja jirani na stendi aliniruhusu nipime yake, huku akinicheka. Ilikuwa 94 na ushee. Makambako iko chini kuliko Njombe kwa mita 300 hivi, na mahesabu yanasema tofauti iwe karibu nyuzi 1. Basi imekaa sawa.

Lakini tazama hapo. Kati ya Dar na Njombe kuna nyuzi 6 na nusu, na hiyo ni tofauti kubwa jikoni. Kati ya Makambako na Njombe ni nyuzi 1 tu, na nyuzi 1 haiwezi kuyafanya maharage yagome. Kama gunia moja limeiva na jingine limekataa, kwanza uliza limekaa ghalani muda gani. Maharage yaliyohifadhiwa miezi mingi, hasa penye joto na unyevu, huwa magumu kulainika hata ukiyapikia Kariakoo.

Nusu ya pili: moto unaoongeza unakwenda wapi?

Hapa ndipo nilipokuwa sijafikiri vizuri. Sufuria inachemka, maharage ni magumu, mama anaongeza mkaa. Maji yanaruka, kifuniko kinagonga, kelele zinaongezeka. Unaona kabisa kwamba sasa mambo yanakwenda kasi. Nikasoma kipimajoto tena: 93 na kitu. Haikusogea.

Tutenganishe maneno mawili. Halijoto ni kile kinachosomwa na kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Kwa kawaida ukikipa kitu joto, halijoto yake inapanda. Ila maji yakifika pa kuchemka, joto lote unaloongeza linatumika kuyabadilisha hali, kutoka kimiminika kuwa mvuke, na halijoto inabaki palepale. Joto hili linaitwa joto fiche, na aliyelichunguza kwanza kwa vipimo ni Joseph Black, huko Glasgow, Uskoti, miaka ya 1760.

Joto fiche la maji ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani. Kuipandisha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 15, kama yanavyotoka bombani Njombe asubuhi ya baridi, hadi kuchemka kunahitaji kama kilojuli 330. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji karibu kilojuli 2,270. Ni karibu mara 7! Ukipika maharage kwa moto mkali ukapoteza nusu lita kwa mvuke, umetupa hewani joto ambalo lingechemsha zaidi ya lita 3 za maji mapya ya baridi. Na maharage hayakupata hata nyuzi moja ya ziada.

Ndiyo maana mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na lile joto fiche lote unaliachia mkononi mwako.

Je, jiwe juu ya kifuniko? Wengi tunaliweka. Nilipiga hesabu: jiwe la kilo 2 kwenye kifuniko chenye upana wa sentimita 24 linapandisha halijoto ya kuchemka kwa chini ya robo ya nyuzi. Linazuia kifuniko kugonga, basi.

Ndani ya punje kuna nini?

Unaweza kusema labda joto linachelewa kuingia ndani ya punje. Joto huingia humo kwa mpitisho, ile njia ya kwanza kati ya tatu tulizosoma darasani, kabla ya msafara na mnunurisho. Muda wa mpitisho unategemea sana unene: ukiongeza unene mara 2, muda unakuwa mara 4. Punje ya maharage ni nyembamba, kwa hiyo ndani ya dakika chache tu za kuchemka katikati yake pameshapata joto karibu sawa na maji. Kiazi kikubwa ndicho kinachochukua nusu saa au zaidi.

Kwa hiyo joto limeshafika. Kinachochelewa ni kazi yenyewe ya kuiva: wanga kufyonza maji na kuvimba, na ile gundi ya asili inayoshikilia chembe za maharage kuachia. Hayo ni mabadiliko ya kikemia, na kasi yake inashuka haraka halijoto ikishuka. Ukipunguza nyuzi 6 au 7, muda unarefuka.

Mwaka 1835 Charles Darwin alikutana na jambo hilihili akivuka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Viazi vilikaa kwenye maji yanayochemka kwa saa nyingi, hata usiku kucha, na havikuiva. Wenzake wa safari wakalilaumu chungu, kwa sababu kilikuwa kipya. Mama yangu wa Njombe yuko kwenye kundi zuri.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, maharage yakishachemka vizuri kwa nusu saa, punguza moto. Funga milango ya jiko, toa makaa mawili matatu, ubakize moto wa kufanya maji yatokote kidogokidogo. Halijoto ni ileile, muda ni uleule, mkaa unabaki. Funika sufuria muda wote.

Pili, loweka usiku kucha. Maji yakishaingia ndani ya punje mapema, kazi ya moto inapungua. Nyanya na ndimu ziweke mwishoni, maana asidi inaizuia ile gundi kuachia. Magadi yanafanya kinyume chake, yanalainisha haraka, ila yanaharibu sehemu ya vitamini, basi yasizidi.

Tatu, ukiweza, nunua presha kuka. Hiyo ndiyo inayotibu ugonjwa wenyewe: inafungia mvuke, mgandamizo unapanda, na hata Njombe maji yanafika karibu nyuzi 115 kabla ya kuchemka.

Nne, kama presha kuka ni ghali, tumia mpitisho kwa faida yako. Sufuria ya alumini inapitisha joto upesi sana, ndiyo sababu inachemka haraka na kupoa haraka. Hewa iliyotulia inapitisha joto maelfu ya mara kidogo zaidi kuliko alumini. Chukua kikapu kikubwa, kijaze maranda ya mbao, na Njombe maranda hayakosekani. Yenyewe yamejaa hewa isiyotembea. Chemsha maharage kwa nguvu nusu saa nzima, kisha ingiza sufuria katikati ya maranda ikiwa imefunikwa, juu yake weka blanketi zito. Baada ya saa 3 au 4 yarudishe motoni yachemke tena. Ile nusu saa ya mwanzo usiiruke: maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayotapisha na kuumiza tumbo, na joto la chini haliiondoi.

La mwisho ni zito kuliko yote. Juni na Julai, baridi inapouma, kuna watu wanaacha maharage juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, yaive taratibu huku chumba kikipata joto. Mkaa unaowaka polepole hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Kama chakula hakijaiva mpaka saa ya kulala, toa jiko nje, maharage yaingie kwenye kikapu.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni lengo zuri. Ila hata kwenye gesi, sheria ni ileile: ukiongeza moto chini ya maji yanayochemka, unanunua mvuke.

Mama nilimwonyesha kipimajoto mara mbili, moto mkubwa na moto mdogo. Alikiangalia, akaangalia debe lake la mkaa, akaniuliza: "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nachemshia paa la bati?" Nikamwambia, ndiyo mama, na paa halikuiva.