Mpango ni wa Nani? Somo la Kahawa Bukoba na Muleba

Neno "mpango" hutumika sana katika mikutano yetu. Upo mpango wa kijiji, wa wilaya, wa ushirika. Lakini swali moja huulizwa kwa nadra: mpango huu ni wa nani? Tutalijibu swali hilo kwa kuangalia historia ya kahawa katika Bukoba na Muleba, kwa sababu zao hilo limepitia karibu kila aina ya mpango: wa mkoloni, wa ushirika, wa Serikali na wa soko huria.

Kibanja na amri

Mkulima wa Kihaya halimi kahawa peke yake. Kibanja ni migomba, mibuni na maharage katika ardhi moja inayoizunguka nyumba. Mgomba humpa chakula. Mbuni humpa fedha za ada, mabati na matibabu. Kwa hiyo anayebadili utunzaji wa mbuni anagusa pia chungu cha nyumba nzima.

Serikali ya kikoloni haikulijali jambo hilo. Mwaka 1937, ilipotaka kuwalazimisha wakulima wafuate kanuni zake za utunzaji wa kahawa, Bukoba ilikumbwa na upinzani mkubwa na ghasia. Je, wakulima walikuwa wanapinga kilimo bora? Hapana. Wahaya waliijua kahawa kabla ya mkoloni kufika. Waliitafuna, na punje mbili za tunda moja zilitumika watu walipofanya undugu wa damu. Walichokataa ni kuamriwa juu ya kibanja na mtu asiyekilima. Hata kanuni yenye faida, ikija kwa amri, hupokewa kama adui.

Kujengwa, kuvunjwa, kujengwa upya

Mwaka 1950 wakulima walipata chama chao kikuu, Bukoba Native Co-operative Union. Lengo lilikuwa wazi: mkulima auze kahawa yake bila kunyonywa na wachuuzi wa kati. Baada ya Uhuru ushirika ulienea haraka nchini kote, na pamoja nao ukaenea ubadhirifu, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kueleza kwamba watu washiriki katika kupanga na kuamua mambo yanayohusu maendeleo yao. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa uamuzi wa juu. Kazi zao zikagawanywa kati ya vijiji na mashirika ya umma, na kahawa ikawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Wenye mali hawakuulizwa. Ugonjwa wa ubadhirifu ulikuwa wa kweli, lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kumzika mgonjwa. Sheria ya Ushirika ya 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Kosa hilo linatufundisha nini? Kwamba wanachama wakikosa sauti ndani ya chama chao, chama huliwa na wachache kutoka ndani au huvunjwa na wakubwa kutoka nje. Katika hali zote mbili mkulima husimama pembeni akitazama.

Upo pia mfano wa kututia moyo. Chama kikuu cha sasa cha wakulima wa Bukoba na Muleba, KCU (1990), kiliingia katika biashara ya haki na kupata malipo ya nyongeza kutoka kwa wanunuzi wa Ulaya. Sehemu ya malipo hayo ilitumika kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga kilichopo Bukoba. Fedha hizo zingeweza kugawanywa zikaisha kwa msimu mmoja. Badala yake mkulima akawa na sehemu katika kiwanda kinachosindika kahawa. Huo ndio mpango wa muda mrefu.

Butura haimalizwi kwa tangazo

Tuchukue tatizo moja linalowatesa wakulima: butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini kwa bei ya kutupa. Butura imepigwa marufuku mara nyingi. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini shule hufunguliwa Januari, na kahawa huvunwa katikati ya mwaka. Mama mwenye mtoto wa kupeleka shule, asiye na akiba wala mkopo wa haki, atamfuata mlanguzi usiku hata kama mchana alipiga makofi mkutanoni.

Mpango uliotungwa ofisini huanza na adhabu. Mpango uliotungwa pamoja na mama huyo ungeanza na swali: fedha za Januari zitatoka wapi? Hapo ndipo mfuko wa akiba na mikopo, na malipo ya haraka ya chama, vinapokuwa silaha dhidi ya unyonyaji kuliko tangazo lolote.

Vipimo vya kada

Kushirikisha watu si kuwasomea mpango uliokwisha kupigwa muhuri. Kada ajiulize mambo manne. Kwanza, je, wanaotekeleza walikuwepo tatizo lilipotajwa, au waliitwa siku ya kupitisha tu? Pili, je, lipo jambo hata moja katika mpango lililobadilika kwa sababu ya maneno yao? Tatu, je, mahesabu husomwa mbele yao kwa lugha wanayoielewa? Nne, je, wanaweza kumwondoa kiongozi aliyeshindwa?

Likikosekana jibu la "ndiyo" katika moja ya haya, mpango bado ni wa ofisi. Njia ya kushauriana ni ndefu, na kada mwenye haraka huiona kuwa ni kupoteza wakati. Lakini amri ya 1937 ilizaa ghasia, na amri ya 1976 ilibidi itenguliwe baada ya miaka 6. Ipi basi iliyopoteza wakati?