Mkate wa nyama wenye jibini waweza kumwongezea mchoma nyama kipato

KWA mchoma nyama aliyezoea mbavu na paja, nyama ya kusaga ni ya kababu na sambusa tu. Nchini Marekani nyama hiyo hufinyangwa kama mkate na kukatwa vipande mezani. Ilipata umaarufu huko katika miaka ya 1930, wakati uchumi ulipodorora, kwa kuwa chenga za mkate ziliifanya nyama kidogo itoshe watu wengi. Kwa kawaida huokwa kwenye oveni, lakini wapo wanaoijaza jibini na kuipeleka kwenye mkaa ili ipate harufu ya moshi.

Kwa kilo 1 ya nyama andaa mayai 2, kitunguu kilichokatwakatwa, vitunguu saumu, pilipili manga, vijiko 2 vya chai vya chumvi na vikombe 2 vya chenga za mkate zilizolowekwa kwenye nusu kikombe cha maziwa. Mwambie muuza bucha asikutolee mafuta yote. Nyama isiyo na mafuta hukauka na kumeguka. Changanya kwa mkono bila kukanda kama unga wa chapati, maana ikikandwa sana huwa ngumu.

Tandaza nyama hiyo juu ya foili, panga gramu 200 za jibini katikati ukiacha vidole viwili pembeni, kisha ikunje na kuziba kila ufa. Iache kwenye jokofu nusu saa ishikamane.

Suala la jibini lataka uamuzi. Mteja anayependa kuona jibini ikivutika anahitaji ile ya dukani aina ya mozzarella, na hiyo huvuja palipo na tundu dogo. Mfugaji anayegandisha maziwa yaliyochemshwa kwa ndimu ana jambo jema mkononi: jibini ya namna hiyo haiyeyuki. Itabaki mahali pake hata mkate ukipasuka. Kwa anayeanza, naona hiyo ndiyo salama zaidi kwa mfuko, mradi amweleze mteja asitarajie nyuzinyuzi.

Majiko ya pipa yenye kifuniko yanafaa sana. Mkaa ukikolea, usogeze wote upande mmoja. Upande wa pili weka bakuli la bati lenye maji kidogo likinge mafuta, na mkate ukae kwenye wavu juu ya bakuli hilo, si juu ya moto. Funika kwa saa moja hadi saa moja na robo, ukiugeuza jiko upande wa pili bila kuupindua.

Usiharakishe hata kama wateja wanagonga meza. Kwenye pande zima la nyama vijidudu hukaa juu, na moto huwaua mapema. Mashine ya kusaga huwasambaza hadi ndani. Mwaka 1993 huko Marekani watu zaidi ya 700 waliugua, na watoto 4 wakafariki, baada ya kuuzwa baga ambazo nyama yake ya kusaga haikuiva vizuri. Rangi ya kahawia haitoshi kuwa ushahidi. Nunua kipimajoto cha nyama, ukichome kwenye nyama yenyewe na si kwenye jibini, na usubiri kifike nyuzi joto 71.

Ukishauipua, uache dakika 10 kabla ya kukata, la sivyo jibini yote itamwagika kwenye ubao.

Kilo hiyo moja hutoa vipande 10 hivi vya kushiba. Kabla ya kupanga bei, jumlisha nyama, jibini, mayai, mkate na mkaa, ugawe kwa vipande ulivyopata kweli, kwani nyama hupungua uzito jikoni. Vilivyobaki viweke kwenye jokofu siku hiyo hiyo. Kesho yake hukatika vizuri zaidi, na vikipashwa moto sawasawa huuzika ndani ya mkate kama kifungua kinywa.