Mharagwe na Vinundu Vyake

Aliyepanda maharagwe ya kula mabichi katika kitalu cha uani, yale ambayo wakulima wa Kirinyaga huyaita mishiri, aghalabu hushawishika kuyarundikia samadi, akidhani kuwa mmea unaoanza kuchumwa kabla ya miezi miwili kutimu hauna budi kuwa mlafi. Ilhali huu ni katika mimea iliyojaaliwa kupata sehemu ya riziki yake hewani. Chimbua taratibu mche mmoja unaokaribia kutoa maua, uisuuze mizizi yake, nawe utaona vinundu vya kadiri ya punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha, na ukikuta wekundu wa nyama mbichi, ujue kuwa kazi inaendelea, ama ukikuta weupe au ukijani, ujue kuwa haijaanza au imekwisha koma.

Wekundu huo, nami sijapata kuuzoea, watokana na kitu kilicho ndugu wa himoglobini ya damu yetu, ambacho huidhibiti oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya cha bakteria wanaoigeuza nitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walitangaza kuwa jamii ya kunde hupata nitrojeni kwa msaada wa viumbe hao, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafaulu kuwatenga. Ijara yao ni sukari, na maadamu mmea hautoi ijara bure, ukikuta udongo umeshiba nitrojeni huwafungia mlango, ukastawisha majani tele na maganda haba. Lakini haki isemwe: katika jamaa zake mharagwe ni mvivu wa kazi hii, hata mkunde huushinda, kwa hiyo samadi kidogo, iliyooza barabara, haina madhara.

Adui mkubwa ni joto. Likipita nyuzi 30 za Selsiasi, na usiku nao usipopoa, chavua hudhoofika na maua hupukutika, ndiyo sababu milima ya Lushoto huyafaa maharagwe haya kuliko Tanga mjini.

Yachumwe kila siku ya pili au ya tatu, maganda yangali yakikatika ta! yakikunjwa, kwani mmea ulioachwa ukakomaza mbegu hupunguza maua hata ukayaacha kabisa. Atakaye mbegu na atenge miche yake mapema; ua hujichavusha lenyewe kabla halijachanua, hivyo mbegu isiyo ya chotara aghalabu huzaa sawa na mamaye, ijapokuwa aina nyingine imepandwa tuta la pili.