Kibati cha Gereji na Programu ya Volkswagen

Ukitaka kuelewa Volkswagen ilidanganyaje dunia, nenda kwa mafundi wa dizeli wa Dar es Salaam, kuanzia Tabata Relini hadi Segerea mwisho, usimame karibu na anayefungua Hiace yenye injini ya 1KD. Muda si mrefu atafika kwenye valvu ya EGR. Akiichomoa utakuta masizi mazito yaliyochanganyika na mafuta, yameganda mpaka tundu lililokuwa likipitisha kidole sasa linapitisha penseli. Kuisafisha kunataka saa kadhaa. Kuiziba kunataka kipande cha bati kilichokatwa vizuri na nati mbili. Dereva ana hesabu ya tajiri jioni, kwa hiyo bati linakatwa.

Gari likirudi barabarani linavuta vizuri na moshi mweusi umepungua. Abiria anaridhika, trafiki pia. Lakini kinachotoka kwenye bomba la moshi sasa ni kibaya zaidi kwa namna ambayo jicho haliwezi kuona.

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, gesi tulivu isiyoungana na kitu kirahisi. Ndani ya silinda ya dizeli, ambako ndimi za moto hufikia nyuzi joto 2,000 na zaidi, utulivu huo unaisha: naitrojeni inaungana na oksijeni na kuzaa gesi ziitwazo kwa kifupi NOx. EGR huirudishia injini sehemu ya moshi wake ili joto lishuke na NOx ipungue. Gharama yake ni masizi zaidi. Hapo wahandisi wa dizeli wamehangaika kwa miaka mingi, maana ukibana kimoja, kingine kinafumuka. Fundi anapoziba EGR anaondoa masizi na kufungulia NOx. Gesi hizo huchokoza mapafu na kuamsha pumu, na jua kali kama letu likizipiga pamoja na mvuke wa mafuta, huzaa ozoni ya kuvutwa puani.

Volkswagen ilifanya jambo la jamii hiyo hiyo, ila kwa programu ya kompyuta. Programu ilifuatilia mwendo, muda ambao injini imewaka na mkao wa usukani. Magurudumu yakizunguka huku usukani haugeuzwi, ilitambua kwamba gari liko maabara, ikabana NOx sawasawa. Gari likitoka nje, ikalegeza. Waliowaumbua ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia chini ya Dan Carder. Walifunga vipimo nyuma ya magari na kuyapeleka barabarani, moja kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Volkswagen Jetta ilitoa NOx mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ikaitangaza kashfa hiyo. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 11. Bosi wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu wiki iliyofuata, na gharama zimepita euro bilioni 30.

Hapa Dar es Salaam wengi waliichukulia kama habari ya Wazungu, kwa kuwa sisi tunaendesha Mjapani. Kisha Machi 2022 Hino ikakiri kughushi takwimu za moshi wa injini zake. Uchunguzi ukaonyesha mchezo ulianza angalau 2003. Januari 2025 ilikubali kukiri kosa nchini Marekani, katika makubaliano ya dola bilioni 1.6. Januari 2024 ilikuwa zamu ya Toyota Industries, watengenezaji wa injini ya 1GD tunayoijua kwenye Prado na Hilux. Walipopima nguvu ya injini walitumia kompyuta yenye programu tofauti na ile ya magari yanayouzwa. Kosa hilo lilihusu nguvu, halikuhusu moshi, ila linanifanya nisiamini tena karatasi ya kiwandani peke yake.

Simweki fundi wa Segerea kundi moja na makampuni hayo. Bati lake halimdanganyi mteja, na Coaster nyingi kuukuu za mjini zilitoka kiwandani kabla mitambo hii haijawa kawaida. Hata hivyo, konda anayesimama mlangoni kuanzia alfajiri anavuta gesi ileile, na mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika.

Kanuni za ubora wa hewa tunazo tangu 2007. Ulaya, baada ya kashfa, tangu Septemba 2017 aina mpya za magari hupimwa zikiwa barabarani. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ndiyo inayotoa leseni ya kila daladala. Kipimo cha NOx kiwekwe kabla leseni haijahuishwa, injini ikiwa na mzigo, na mwenye gari, si dereva, ndiye alipie kusafisha valvu.