Huzuni Yenye Mizani: Utangulizi wa Fasihi ya Kale ya Kijava

Msomaji uliyezoea kuhesabu mizani na kusikiliza vina, karibu. Huji mikono mitupu. Watunzi wa kisiwa cha Java, nchini Indonesia, nao walihesabu silabi na kuchunga irabu inayofunga kila mshororo. Tena kila bahari ya tungo walizoziita macapat waliipa hali yake ya moyo: Maskumambang ni ya majonzi, Asmarandana ni ya mapenzi. Mtunzi aliyejaa uchungu alianza kwa kuchagua chombo cha kuutilia.

Katika kurasa hizi nina jambo moja la kukuonyesha. Katika fasihi hii, kujitawala si kuufunga moyo usiumie. Ni kuyapa maumivu kipimo, ili yaimbike na mwenye nayo abaki mzima.

Tuanze na moto. Katika karne ya 12, kwenye ufalme wa Kediri, mashariki mwa Java, Mpu Dharmaja alitunga Smaradahana, yaani kuteketea kwa mungu wa mapenzi. Ni kakawin, utungo mrefu wa Kijava cha kale unaofuata arudhi yenye asili ya Kihindi. Miungu inamtuma mungu huyo, aitwaye Kama, amtie mungu Siwa hamu ya mapenzi. Kama anafyatua mshale wa maua. Siwa anaghadhibika, na jicho lake la tatu linamfanya majivu. Ratih, mke wa Kama, anamfuata motoni. Wakiwa hawana miili tena, wawili hao wanahamia katika mioyo ya wanaume na wanawake. Basi mapenzi yalipotufikia sisi binadamu, yalikuwa yamekwisha kuungua. Jina la Asmarandana lenyewe huhusishwa na moto huo.

Watunzi hawa hawakudai kwamba kila jeraha hupona. Katika Bharatayuddha, kakawin iliyoanzwa na Mpu Sedah mwaka 1157 na kumaliziwa na Mpu Panuluh, Satyawati anaamka na kukuta mumewe, Mfalme Salya, amekwisha kwenda vitani. Anamtafuta katikati ya maiti, anampata, kisha anajiua juu ya mwili wake. Mtumishi wake, Sugandhika, anamfuata. Kipimo kikikosekana, huzuni huua, na utungo unalitamka hilo bila kumfichia msomaji kitu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni Wretta Sancaya ya Mpu Tanakung. Kwa umbo ni kitabu cha arudhi: beti zake zinapita bahari moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa mfano wa kufuatwa. Lakini zisome kwa mfululizo, utakuta zinasimulia habari za binti mfalme aliyeachwa na mpenzi wake, anayewatuma ndege wawili wa majini, dume na jike, wakamtafute. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza silabi fupi na ndefu anajikuta akimsindikiza mtu mwenye kilio. Mpu Tanakung angeweza kuchagua mifano ya aina yoyote. Alichagua kuachwa, kwa sababu hapo ndipo kipimo kinapohitajika zaidi.

Karne zilipita, Uislamu ukaenea, na Kijava kikapokea maneno ambayo Mswahili hahitaji kufasiriwa: sabar na ikhlas, ndugu wa subira na ikhlasi. Katika kasri za mji wa Surakarta, humo humo Java, watawala wenyewe walitunga mafundisho. Wulangreh ya Pakubuwana IV, aliyetawala kuanzia 1788 hadi 1820, inahimiza kunoa hisia kwa kupunguza chakula na usingizi. Wedhatama, inayonasibishwa na Mangkunegara IV (1811–1881), inataja mambo matatu: kuachilia kilichopotea bila kujutia, kupokea unapoumizwa na mwenzako, na kujikabidhi kwa Mungu. Yote matatu yamo katika ubeti mmoja wa bahari ya Pocung, mishororo 4 yenye jumla ya mizani 38. Fundisho la kujizuia limetungwa ndani ya kizuizi.

Wageni wengi hudhani kupokea huko, Wajava wakuitako nrima, ni unyonge. Wasome Serat Centhini, kazi kubwa ya Surakarta ya mwanzoni mwa karne ya 19. Amongraga anamwacha bibi arusi wake, Tambangraras, na kwenda kuwatafuta ndugu zake waliopotea. Tambangraras anadhoofu kwa huzuni. Kisha anafunga safari kumtafuta, akiwa na Centhini, mtumishi wake, ambaye jina lake ndilo la kitabu. Ameyapokea yaliyompata, na miguu yake inatembea.

Mkondo huo haujakauka. Didi Kempot, mwimbaji wa Surakarta aliyefariki mwaka 2020, aliimba kwa Kijava juu ya kuachwa, na vijana walifurika kuimba naye wakilia na kucheza kwa wakati mmoja.

Nakusihi usome tungo hizi kwa sauti, ukihesabu kwa vidole. Anza na Asmarandana. Ina mishororo 7, na karibu yote ina mizani 8, sawa na mshororo wa utenzi wetu, kwa hiyo sikio lako litakuwa nyumbani. Ukifika mshororo wa tano, utahesabu mizani 7 tu. Katika bahari ya mapenzi pana silabi moja isiyokuwepo, na wimbo unaendelea.