KUULIZA SIMU HABARI ZA BUSTANI

Siku hizi wakulima wengi wa Kilosa na Mikumi wana simu zenye intaneti, na baadhi yao wameanza kuiuliza simu mambo ya bustani kama walivyozoea kumwuliza Bwana Shamba au Bibi Shamba. Mkulima huandika swali, au hutuma picha ya jani, na mara jibu laja kwa Kiswahili. Anayejibu si mtu. Ni programu ya akili mnemba, na programu za namna hii zilianza kuenea kwa watu wengi tangu Novemba 2022, ilipotolewa ile iitwayo ChatGPT. Yafaa mkulima azifahamu, maana zaweza kumsaidia, na zaweza pia kumtia hasara.

Mashine hujuaje?

Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo imejifunza kupanga maneno yanayoelekea kuwa jibu la swali lako. Haijapata kushika jembe, wala haijui bustani yako ila kwa yale uliyoiambia. Tena, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, nayo hueleza kilimo cha nchi za baridi. Kwa hiyo yaweza kukuambia upande nyanya mwezi wa Aprili, kwa kuwa huko Ulaya baridi kali huwa inakwisha. Kwetu Kilosa Aprili ni masika. Nyanya zilizo wazi wakati huo hulowa mchana na usiku, na ugonjwa wa bakajani huzimaliza upesi.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili: mashine ikikosea, husema kwa ufasaha ule ule inaosema nao kweli. Usilipime jibu kwa uzuri wa maneno yake.

Mfano: nyanya zinazonyauka

Tuseme una nyanya bondeni, nazo zimeanza kutoa maua. Siku moja adhuhuri waona mche mmoja umelegea. Baada ya siku chache umenyauka kabisa, na jirani yake naye ameanza. Mimi mwenyewe niliiuliza simu kwa maneno machache tu: “Nyanya zangu zinanyauka, nifanye nini?” Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza maji. Nikauliza tena, nikaeleza kwamba udongo una unyevu, majani yangali ya kijani, na miche inafuatana kunyauka katika tuta. Safari hii simu ilitaja ugonjwa wa mnyauko bakteria. Mashine ilikuwa ile ile, ila swali lilikuwa limetengenea.

Tofauti hiyo si ndogo. Ikiwa ni mnyauko bakteria, maji ya mfereji huuchukua ugonjwa kutoka mche hadi mche, na yule aliyeongeza maji ameusaidia kusafiri. Miche, mbolea na kazi ya miezi kadhaa vyote vyapotea.

Hata hivyo jibu la pili nalo lilikuwa la kukisia tu. Simu haiwezi kung'oa mche. Wewe waweza. Fanya hivi:

1. Ng'oa mche mmoja ulionyauka, utazame mizizi yake. Ikiwa ina vinundu vingi, dalili hiyo ni ya minyoo fundo.

2. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kishike ncha yake ikiwa ndani ya glasi ya maji safi, bila kukitikisa, ungoje dakika chache. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa na kushuka chini, huo ni mnyauko bakteria.

3. Ikiwa hakuna vinundu wala nyuzi, fukua udongo kwa kina cha kidole. Ukiwa mkavu, hapo ndipo penye haja ya maji. Ukiwa na unyevu, mwite Bwana Shamba.

Mnyauko bakteria hauponi kwa dawa ya kunyunyiza. Mtu yeyote, au simu, akikuambia ununue dawa ya kuuponya, fedha yako itapotea. Ng'oa miche yenye ugonjwa, uitoe bustanini na kuichoma, usiitupe mferejini. Safisha jembe kabla ya kwenda tuta jingine. Mahali hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Panda mahindi.

Namna ya kuuliza

Eleza mahali ulipo, mwezi, hali ya mvua, aina ya zao na umri wake, hali ya udongo, dalili uliyoiona kwanza, na dawa au mbolea uliyokwisha kutumia. Ukituma picha, ipige penye mwanga wa mchana: moja ya jani kwa juu, moja kwa chini, na moja ya mche mzima. Kisha ongeza swali hili: “Sababu nyingine zaweza kuwa zipi, nami nitazitofautishaje?” Swali hili lafaa kuliko yote, kwa kuwa jibu lake hukupa kazi ya kuhakikisha shambani.

Ziko programu zilizofundishwa kwa mimea ya kwetu. Programu ya Nuru, ya PlantVillage katika Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, hutazama majani ya muhogo, na hufanya kazi hata pasipo intaneti. Kazi iliyotangulia kuitengeneza ilitumia picha zilizopigwa katika mashamba ya utafiti ya IITA huko Bagamoyo. Lakini aliyefundishwa muhogo muulize muhogo.

Mambo ya kutoachia simu peke yake

Dawa. Usipime dawa kwa neno la simu. Soma lebo ya chupa: kiasi cha kuchanganya kwa bomba lako, nguo za kuvaa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA. Kosa hapa huingia katika chakula cha watoto wako.

Mbegu. Nunua mbegu zenye lebo ya TOSCI. Kwa aina za mahindi, mtama au alizeti zinazofaa kwetu, kituo cha utafiti cha TARI Ilonga ki papa hapa wilayani.

Wanyama. Ninyi mnaopakana na Hifadhi ya Mikumi, ukiuliza juu ya wanyama waharibifu, mashine yaweza kukufundisha uzio wa sungura. Tembo akiingia bustanini usishindane naye. Toa habari upesi kwa serikali ya kijiji na askari wa wanyamapori.

Kuuliza si ujinga, na kuiuliza simu si kosa. Lakini jibu lolote lihakikishe kwa macho na mikono yako kabla ya kutoa fedha. Ukishindwa kuelewa, ng'oa mche mzima pamoja na mizizi yake, uufunge ndani ya mfuko ili ugonjwa usienee njiani, uulete kwa Bwana Shamba wako. Njoo na simu pia, tulisome jibu lake pamoja.