Askari wa Wajerumani Walikuwa Weusi

Wako watu wadhanio kuwa riwaya ni kitu cha kupotezea wakati, na kwamba mfanyakazi ajengaye taifa heri asome taarifa ya Chama kuliko kisa cha kubuniwa. Sisi hatukubaliani nao. Yako mambo ya ukoloni ambayo hotuba zetu zimeyapita kando miaka mingi, na watungaji wa hadithi ndio waliothubutu kuyashika. Moja katika hayo hutukabili kila tufikapo Kalenga.

Kalenga, karibu na mji wa Iringa, ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Kila mwanachama ajua habari zake: jinsi Wahehe walivyoliangamiza jeshi la Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891, jinsi ngome ilivyopigwa mizinga na kutekwa tarehe 30 Oktoba, 1894, jinsi Mkwawa alivyojipiga risasi mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa adui, naye akakatwa kichwa kikapelekwa Ujerumani. Twasimulia hayo kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini twayasimulia kana kwamba upande mmoja walisimama watu weusi na upande wa pili Wazungu. Haikuwa hivyo. Wazungu waliofuatana na Zelewski hawakufika hata ishirini. Jeshi lenyewe lilikuwa la Waafrika: Wasudani, watu walioandikwa kutoka Msumbiji, na nyuma yao wapagazi. Hao ndio waliokufa kwa wingi Lugalo, na wenzao ndio walioingia Kalenga miaka mitatu baadaye.

Askari huyu amewekwa wapi katika masimulizi yetu? Tamthilia zetu zimetupa mashujaa: Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile mwaka 1969, na Mugyabuso Mulokozi akamtungia Mkwawa Mukwava wa Uhehe. Ilikuwa kazi ya lazima. Askari tukamwita kibaraka, tukaenda zetu.

Aliyemrudia ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika riwaya yake Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, kijana Hamza aenda kujiandikisha kwa hiari yake katika jeshi la Wajerumani. Ofisa mmoja amfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani ili aweze kumsoma mshairi Schiller. Mwingine, mwenye cheo cha chini, amkata kwa upanga. Hapo ndipo tuonapo nguvu ya rangi ilivyofanya kazi, kwa kiboko na kwa upendeleo pamoja. Nasi twaona upendeleo ulidhuru zaidi, maana aliyepigwa kiboko hujua kuwa amepigwa.

Yuko na Ilyas, aliyechukuliwa na askari angali mtoto, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kijerumani, akawa mtetezi wa mabwana wake mbele ya kila awalaumuye. (Sisi tuliopitia madarasa ya misheni twamfahamu mtu huyo, tumekaa naye dawati moja.) Mwisho wake ni kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Msomaji asidhani kuwa mtungaji amezidisha. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto wa Wajerumani katika Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa askari ambao haukulipwa, hakulipwa. Akakaa huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mwanamke Mzungu, na tarehe 24 Novemba, 1944 akafia Sachsenhausen. Alikuwa amevaa sare yao na kusema lugha yao. Siku ya hukumu kilichopimwa ni rangi yake.

Kupimwa huko kwaturudisha Kalenga. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai fuvu la Mkwawa lirudishwe, lakini lilirudi tarehe 19 Juni, 1954 tu, mikononi mwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Gavana Edward Twining alilikuta katika makumbusho ya Bremen, nalo lilichaguliwa miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa ukoo. Mafuvu yalirundikwa Ulaya na wataalamu waliotaka kuonyesha kwa rula kwamba mtu mweusi ni duni. Rula ile ile ikatumika kumrudisha shujaa wetu.

Je, kumweleza askari si kumsamehe? La. Asiyejua askari alitengenezwaje hatamtambua akija na sare nyingine, hata iwe suti na tai.

Malalamiko yetu ni kwamba vitabu hivi vimetungwa kwa Kiingereza, na mfanyakazi wa Iringa hafaidi. Afadhali Ida Hadjivayanis amekifasiri kimoja, Paradise cha mwaka 1994, kikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Matawi yenye maktaba yakinunue. Humo yumo kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake. Katika ukurasa wa mwisho anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, wala hakuna aliyemwita.